Vimulimuli kwenye gari binafsi la kapelani: mwongozo wa Virginia, hatua kwa hatua

Kapelani wa polisi (kiongozi wa dini anayehudumia askari na familia) akiitwa usiku wa manane, mara nyingi haendi kuzima moto wala kufunga jeraha. Anakwenda kukaa na askari ambaye mwenzake amepigwa risasi, au kugonga mlango wa mama ambaye bado hajui kuwa mwanawe amefia barabarani. Kabla ya kuuliza afunge vimulimuli, yaani taa za dharura za kumweka, vya rangi gani, ajiulize vitamsaidia nini. Katika jimbo la Virginia, Marekani, ambako sheria inamtaja kapelani wa polisi waziwazi, jibu ni fupi: vitamsaidia kuonekana. Havimpi ruhusa ya kupita taa nyekundu za barabarani, havimwongezei kasi, wala havimlazimishi dereva mwingine kumpisha. Anayevifunga akitarajia hayo ananunua kesi.

Kifungu cha kukijua kwa moyo ni 46.2-1024 cha sheria za Virginia. Kwa ufupi kinasema hivi: mwanachama wa idara ya zimamoto, wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea au wa shirika la kujitolea la huduma za dharura za matibabu, na kapelani yeyote wa polisi, anaweza kufunga kwenye gari moja analolimiliki taa zisizozidi mbili. Ziwe nyekundu, au nyekundu na nyeupe. Zinaweza kumweka au kuwaka mfululizo. Ziwe za aina iliyoidhinishwa na Mkuu wa Polisi wa Jimbo, na ziwashwe tu wakati wa kuitikia wito wa dharura. Kapelani wa polisi ameongezewa sharti ambalo wengine hawana: awe amemaliza mafunzo ya kuendesha gari kwa usalama katika hali ya dharura, na cheti chenye saini ya mwalimu wa mafunzo hayo kiwemo garini kila anapoliendesha.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwa mlango upi

Kuna milango miwili. Kapelani wa idara ya zimamoto anaingia kama mwanachama wa idara, kwa hiyo jina lake lazima liwe kwenye orodha ya wanachama. Kualikwa kuombea sherehe za kila mwaka hakumfanyi mtu kuwa mwanachama. Kapelani wa polisi anaingia kwa jina la kazi yake, pamoja na sharti lile la mafunzo.

Kapelani wa hospitali, wa gereza, wa chuo au wa jeshi hayumo katika kifungu hiki, hata kama anaitwa usiku mara nyingi kuliko wa polisi. Anayehudumu katika ofisi ya sherifu (mkuu wa usalama wa kaunti) asimame kidogo hapa. Neno lililoandikwa ni "polisi", na kabla ya kununua chochote apate tafsiri ya maandishi kutoka kwa mwanasheria wa kaunti yake. Maneno ya mdomo ya naibu sherifu rafiki yako hayatakufaa mbele ya hakimu.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya taa

Watu wengi huanza dukani. Anza mezani.

Kwanza umiliki. Sheria inasema gari analolimiliki yeye, tena moja. Gari la kanisa, basi dogo la msikiti, gari la kukodi na gari lenye hati ya jina la mwenzi wako peke yake hayaingii. Kama familia ina magari mawili na wewe huchukua lolote lililo karibu na mlango, chagua moja sasa. Taa ya kunyonya kioo inayohamishwa leo huku kesho kule ina maana umefunga magari mawili, na hilo halikuruhusiwa.

Pili cheti cha mafunzo. Soma sharti polepole, kwa maana wengi hulikosea. Halisemi cheti kiwemo unapowasha taa. Linasema gari lenye taa hizo liendeshwe na kapelani wa polisi ikiwa tu amehitimu na cheti kimo garini wakati wote anapoliendesha. Ukienda kununua maziwa Jumamosi asubuhi, taa zimezimwa, cheti kiko kwenye droo ya ofisini, umeshakiuka. Weka cheti chenye saini ndani ya mfuko wa plastiki kwenye sanduku la dashibodi, pamoja na kadi ya gari na karatasi ya bima, na nakala yake nyumbani. Kuwa na picha kwenye simu si vibaya, lakini picha ni ya akiba tu.

Tatu barua ya idara. Kifungu hakiidai, lakini usikae bila hiyo. Iandikwe kwenye karatasi yenye nembo na iseme jina lako, namba ya gari, namba ya chasisi, idadi na rangi ya taa, nani ana mamlaka ya kukuita, na tarehe ya mwisho wa ruhusa. Tarehe ya mwisho ina kazi yake: mkuu wa polisi akibadilika, barua ya mtangulizi wake isiyo na kikomo huzua ubishi.

Nne bima. Mwandikie wakala wako na umuulize maswali mawili: je, kufunga taa hizi kunabadilisha mkataba, na je, ajali nikiwa njiani kuitikia wito inalipwa na bima yangu au ya idara? Majibu yaje kwa maandishi. Pengo kati ya bima mbili huonekana siku ya ajali, na siku hiyo kila upande humnyooshea kidole mwenzake.

Hatua ya 3: Kuchagua taa

Rangi haina mjadala. Nyekundu, au nyekundu na nyeupe. Bluu katika Virginia ni ya polisi, na kapelani hana mamlaka ya kumsimamisha mtu yeyote. Jihadhari hasa na taa za LED zenye rangi tatu katika kasha moja. Zikiwa zimezimwa kioo chake ni cheupe tu, huwezi kujua kilichomo, na kitufe cha kubadili mtindo wa kumweka kikiguswa kwa bahati mbaya gari lako linageuka la bluu katikati ya barabara kuu. Taa zilizotumika zinazouzwa baada ya magari ya polisi kustaafishwa mara nyingi ni nyekundu na bluu. Ziache, hata kama bei inavutia.

Idadi ni mbili. Je, kasha moja lenye vichwa viwili ni taa moja au mbili? Na ule upau wa juu ya paa wenye vichwa kumi na viwili? Kifungu hakifafanui, na wauzaji hujibu kwa namna inayouza. Ushauri wetu ni kununua vitengo viwili vilivyo wazi kwa macho ya askari yeyote: kimoja cha mbele, kimoja cha nyuma. Ukishafunga hivyo, usiongeze taa kubwa za mbele zinazopokezana kumweka wala vitaa vilivyofichwa ndani ya taa za nyuma. Hizo zitahesabiwa.

Idhini husomwa kwenye kasha lenyewe. Tafuta alama ya kiwango cha SAE (chama cha wahandisi wa magari) iliyochongwa au kubandikwa: J845 kwa taa inayoonekana pande zote, J595 kwa taa inayoelekea upande mmoja. Class 1 ndiyo yenye nguvu inayofaa magari ya dharura. Class 3 ni ya utambulisho tu na mchana wa jua kali haionekani. Taa isiyo na alama yoyote, hata ing'ae namna gani, usiinunue, maana hutakuwa na cha kuonyesha utakapoulizwa iliidhinishwa vipi. Viwango hivyo vinataka mwendo wa kumweka kati ya mara 60 na 240 kwa dakika. Mitindo ya kasi ya kupita kiasi inayokuja na taa za bei rahisi iko nje ya hapo, na usiku humfanya dereva anayekuja ashindwe kukadiria umbali.

Nyeupe nayo itumiwe kwa akili. Mchana inasaidia. Usiku inapofusha, na ukiweza kuizima ibaki nyekundu peke yake, izime.

Hatua ya 4: Kufunga

Taa ya mbele ikae nyuma ya kioo cha mbele, chini au karibu na kioo cha kutazamia nyuma, mahali isipokuzibia barabara. Usiiweke juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa upande wa abiria: ajali ikitokea mfuko hufumuka kwa kasi kubwa na kukirusha kile kitengo usoni mwa aliyeketi pale. Waya usipite mbele ya mfuko wa hewa wa pazia uliomo ndani ya nguzo ya kioo cha mbele. Upitishe nyuma yake. Na waya wowote wenye viunganishi vya rangi ya manjano usiuguse, huo ni wa mifuko ya hewa.

Taa ya nyuma ndiyo muhimu zaidi, ingawa watu huifikiria mwishoni. Ukiwa umeegesha kando ya ajali, hatari inakuja kutoka mgongoni. Kama gari lako lina vioo vyeusi vya kiwandani nyuma, kioo hicho hula sehemu kubwa ya mwanga, na hapo taa ya nje juu ya kibao cha namba inafaa kuliko ya ndani. Taa za sumaku zina tatizo lake. Bodi ya alumini haishiki sumaku (Ford F-150 ni za alumini tangu modeli ya 2015), na hata kwenye chuma sumaku si ya kwenda nayo mwendo wa barabara kuu. Upepo huinyanyua, kisha waya wake huifanya nyundo ya kupigia mlango wako.

Vipimo vya umeme ni rahisi. Tuseme kila kitengo cha LED kinavuta ampea 1.5 kwa volti 12; viwili ni ampea 3. Ongeza robo, unapata 3.75, basi fyuzi ni ya ampea 5. Waya wa milimita mraba 1.5 unatosha kabisa kwa urefu wa gari dogo. Ukichukua umeme moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikae ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye nguzo ya betri. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, na ukiiweka karibu na taa, kipande chote kirefu kinachopita chini ya zulia kinabaki bila ulinzi.

Njia safi zaidi ni kuchukua umeme kwenye sanduku la fyuzi kwa kiunganishi cha kuongeza fyuzi. Chagua saketi ya redio au soketi ya kuchajia. Kaa mbali na saketi za mifuko ya hewa, breki na kompyuta ya injini. Angalia mguu upi una umeme fyuzi ikiwa imetolewa, maana kiunganishi kikigeuzwa, mzigo wako mpya unapitia fyuzi ya zamani na kuiunguza. Hasi ifungwe kwenye boliti ya bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae. Taa zinazofifia au kumweka bila mpangilio, mara tisa kwa kumi tatizo ni hapo kwenye hasi.

Swichi iwe ndani, mkono wa dereva uifikie bila kuangalia, na iwe na kitaa cha kuonyesha kuwa imewashwa. Mchana hutaona kama taa ya nyuma inawaka. Kitaa hicho pia huokoa betri: ampea 3 kwa saa mbili eneo la tukio ni ampea-saa (Ah) 6, kitu kidogo kwa betri ya Ah 60. Ukisahau kwa saa kumi ni Ah 30, nusu ya betri, na asubuhi ya baridi gari haliwaki. Saketi inayokatika na ufunguo huondoa hatari hiyo, ila nayo huzima taa ukizima injini. Kwa kapelani, ambaye hukaa muda mrefu nje ya gari huku akili iko kwa mtu mwingine, tunapendelea inayokatika na ufunguo.

Hatua ya 5: Kujaribu, lakini si barabarani

Taa huwashwa tu wakati wa wito wa dharura, kwa hiyo majaribio yafanyike gereji au uani kwako. Egesha mita saba kutoka ukutani, pima urefu wa taa kutoka ardhini, weka alama ukutani kwa urefu uleule. Sehemu inayong'aa zaidi iangukie kwenye alama. Mlalo wa kioo huwadanganya wengi: taa huonekana imenyooka ukiwa ndani kumbe inamulika matawi ya miti.

Kisha funga mlango wa gereji, giza liwe totoro, uketi kwenye kiti cha dereva na uwashe. Ukiona uso wako mwekundu kwenye kioo cha mbele, mwanga unarudi ndani. Ongeza mpira mweusi kuzunguka taa mpaka ubanane na kioo. Mwanga huo unaorudi, usiku wa mvua, ndio utakaomficha mtembea kwa miguu.

Mwisho washa redio ya gari na redio ya upepo (ya mawasiliano). Zikikoroma taa zinapomweka, saketi ya taa inatoa kelele. Sogeza waya mbali na waya wa antena, na kelele ikibaki, rudisha taa hiyo dukani.

Hatua ya 6: Barabarani

Kifungu 46.2-829 kinachowataka madereva kupisha kinazungumzia gari la dharura linalopiga king'ora na kuwasha taa kwa pamoja. Kifungu 1024 kinakupa taa, hakitaji king'ora. Kwa hiyo endesha kama raia: kasi iliyoandikwa kwenye kibao, simama kwenye taa nyekundu, simama kwenye kibao cha kusimama, usipite mkono usiofaa. Dereva wa mbele akikupisha, mshukuru kwa mkono. Akiganda katikati ya njia kwa kuchanganyikiwa, zima taa na umpe nafasi. Kumsukuma kwa vimulimuli ndiko kunakozaa ajali za makutano. Na gari la zimamoto likitokea nyuma yako, zima zako kwanza, kisha kaa pembeni, ili madereva wasikufuate wewe wakaliacha lile kubwa.

Wito wa dharura una mipaka. Kurudi nyumbani hakumo. Msafara wa mazishi haumo, hata marehemu akiwa askari na wewe ndiye unayeongoza ibada. Mkutano wa makapelani haumo.

Na kupeleka taarifa ya msiba? Aliyefariki ameshafariki, na familia haijui kuwa unakuja. Hakuna sekunde ya kuokoa. Ukiingia mtaa wao na mwanga mwekundu unazunguka kwenye mapazia, umeshawaambia kabla hujafungua mdomo, tena umewaambia majirani. Nenda taa zikiwa zimezimwa tangu mwanzo wa safari, egesha upande wa pili wa barabara, tembea.

Eneo la tukio

Egesha pale msimamizi wa tukio anapokuelekeza. Kama hajakuelekeza, egesha mbele ya magari yote ya kazi, usikae kati ya gari la zimamoto na bomba la maji, wala usizibe njia ya ambulensi kutoka. Sheria ya Virginia ya kuhama njia au kupunguza mwendo inahusu gari lililosimama likimweka taa za dharura, na tangu Julai 1, 2023 inahusu pia gari lolote lililosimama na kuwasha hazadi (taa za tahadhari za gari lenyewe). Washa hazadi basi. Zinatosha mara nyingi, na hakuna atakayekuuliza cheti kwa ajili yake.

Vaa fulana ya kuakisi mwanga, ya kiwango cha Marekani cha ANSI 107 Class 2 au 3, kabla hujafungua mlango. Vimulimuli vyako vinamwonyesha dereva gari, halafu vinamfanya asimwone mtu anayetembea kando yake na suti nyeusi.

Kuvuka mpaka wa jimbo, ukaguzi, na kuondoa

Ruhusa ya Virginia inaishia kwenye mpaka wa Virginia. Majimbo mengine yamepanga rangi tofauti kabisa: New York humpa mzimamoto wa kujitolea taa moja ya bluu kwa barua ya mkuu wake, inayoweza kufutwa wakati wowote, na kijani kwa wa ambulensi ya kujitolea. Pennsylvania huruhusu bluu zisizozidi mbili, na majina hupelekwa kwa polisi wa jimbo. Kapelani anayehamia huko na gari lake jekundu aanze upya kwenye hatua ya 1. Anayepita tu, azime na afunike.

Gari la Virginia hukaguliwa usalama kila mwaka. Nenda na barua na cheti, mwambie mkaguzi mapema kuwa kuna taa za kifungu 1024, umwonyeshe alama ya SAE. Ukimwacha azigundue mwenyewe, unaweza kurudi na kibandiko cha kukataliwa. Na kwa kuwa marekebisho mengi ya sheria za jimbo huanza kutumika Julai 1, kisome kifungu upya kila mwezi huo.

Ukiacha huduma, ruhusa imekwisha siku hiyohiyo. Kifungu 46.2-1020 hakiruhusu taa za ziada zisizoidhinishwa barabarani isipokuwa zimefunikwa na hazijawashwa, kwa hiyo hata safari ya kwenda kwa fundi kuzitoa, zifunike kwa mfuko mweusi na utepe. Toa fyuzi kwanza, kisha vitengo, kisha swichi. Waya unaobaki chini ya zulia uzibwe ncha zote mbili kwa utepe wa umeme. Hati ya gari isisainiwe kwa mnunuzi kabla hayo hayajafanyika, na barua irudi idarani ikiwa na tarehe ya kuondolewa kwa taa imeandikwa mgongoni.